Kabla ya baiskeli, tafuta wa kumfuata

Wasichana huniuliza, "Dada, ninunue baiskeli gani niwe mwendeshaji wa mbio?" Nawaambia baiskeli ingoje. Una nani wa kupanda naye?

Mimi nilianza peke yangu, njia ya Wete kwenda Chake, kila alfajiri baada ya sala. Vilima vya Pemba vinachosha: huu hujaumaliza, mwengine unakusubiri. Miaka miwili nikajiona chuma. Kisha nikavuka kwa boti kwenda bara, mbio zangu za mwanzo, na kufika kilomita ya 12 nimeshaachwa. Miguu ilikuwepo. Nilichokosa ni moyo wa kukaa shibiri mbili nyuma ya tairi la mwenzangu. Niliogopa, nikajitenga pembeni, upepo wote ukawa wangu. Wenzangu wanapiga soga, mimi natweta.

Aliyejificha vizuri nyuma ya mwenziwe anaweza kuokoa hata theluthi ya nguvu zake. Hapo ndipo mtu anaposhinda au kushindwa mbio za barabarani.

Nilirudi Pemba nikafundishwa na mchuuzi wa samaki. Alikuwa akitoka Wete, tenga limefungwa nyuma kwa mpira, anawahi Chake kabla jua halijamharibia mzigo, na upepo wa kusi unampiga kifuani. Nikajibanza nyuma ya tenga. Maji ya barafu yenye vumba yananirukia magotini, vidole haviachi breki. Akasema bila kugeuka, "Mwanangu, usitazame tairi langu, tazama mabega. Na hiyo breki, ungekuwa na mtu nyuma ungeshamuangusha." Msimu wa karafuu, watu wameanika majamvi mpaka juu ya lami, yeye ananyoosha mkono mapema kunionyesha pa kupita. Mpaka leo sijapata kocha aliyenipa faida kama ile.

Kwa hiyo tafuta wawili watatu. Ikiwa ni wavulana, maneno yatakuwepo. Mama yangu alikubali pale tu kaka alipofuatana nasi. Mtandio uchomeke vizuri chini ya helmeti, mguu wa suruali ndani ya soksi, mnyororo hauna adabu.

Na skuli usiache. Ni 2020 tu ndipo timu za wanawake za daraja la juu zilipowekewa kima cha chini cha mshahara, euro 15,000 kwa mwaka. Kimepanda tangu hapo, lakini kabla yake wako walioshindana Ulaya bila kulipwa kitu. Tena wengi wanaolipwa si washindi: kazi yao ni kumkatia upepo kiongozi wa timu na kumletea chupa za maji kutoka kwenye gari. Kimberley Le Court wa Morisi, mtoto wa kisiwani kama sisi, alishinda Liège–Bastogne–Liège, mbio kubwa za siku moja za Ubelgiji, upande wa wanawake, mwaka 2025, na mwaka huo huo akavaa jezi ya njano, ya anayeongoza, kwenye Tour de France ya wanawake. Ukimtazama, watazame na wale waliotangulia mbele kumkatia upepo kilomita zote zile. Ajira yako ya mwanzo, ukiipata, itakuwa ile yao.

Mchuuzi wangu siku hizi ana pikipiki, simpati tena. Jumamosi natoka na wasichana watatu, mdogo wao ana baiskeli ya babake, nzito, bado ina keria. Juzi, kutoka Wete mpaka Chake, nilisikia breki yake ikilia nyuma yangu mara mbili tu.