Ukali wa Picha na Anga Lililojaa Vidoadoa

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Moshi na hupenda kupiga picha za Mlima Kilimanjaro alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika. Ninapozihariri kwa programu ya Lightroom huongeza ukali ili mabonde na barafu vionekane vizuri, lakini kila mara hutokea mstari mweupe unaoufuata ukingo wa mlima, na anga la buluu hujaa vidoadoa kama mchanga. Je, kamera yangu ina kasoro, au nakosea mahali? – Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, kamera yako usiilaumu. Mstari na vidoadoa vyote viwili vinatokana na hatua ileile moja ya uhariri, na vyote vinazuilika.

Programu inapoongeza ukali, haileti kitu chochote ambacho lenzi haikukinasa. Hutafuta tu mahali ambapo giza linapakana na mwanga, kisha huzidisha giza upande mmoja na mwanga upande wa pili, na jicho likaona kana kwamba ukingo umekaza. Ikizidishwa, hila hiyo hujifichua yenyewe. Ikuze picha yako ukague kileleni: pale mwamba mweusi unapopakana na anga, upande wa anga ndio uliopaushwa ukawa mstari mweupe; lakini pale barafu ya Kibo inapokutana na buluu nzito, utakuta kinyume chake, yaani uzi wa giza angani. Anga lenyewe halina ukingo wowote wa kukazwa, kwa hiyo programu hushika kitu pekee kinachotofautiana humo, ambacho ni chembechembe za sensa (sehemu ya kamera inayopokea mwanga), na kuzikuza kana kwamba ni sehemu ya mandhari.

Kwa faili la RAW (picha ghafi ambayo kamera haijaichakata), Lightroom huanza na Amount (kiasi cha ukali) 40, Radius (upana wa ukingo unaokazwa) 1.0, Detail (ukazaji wa vitu vidogovidogo) 25 na Masking (kukinga sehemu zisizo na kingo) 0. Hiyo sifuri ya mwisho ndiyo inayokuponza, kwa sababu maana yake ni kwamba picha nzima, pamoja na anga, inaongezewa ukali. Shikilia kitufe cha Alt (au Option kwenye Mac) huku ukiburuta Masking kuelekea kulia. Picha itageuka nyeusi na nyeupe, na ni sehemu nyeupe tu zitakazoguswa. Endelea hadi anga liwe jeusi kabisa na zibaki nyeupe kingo za mlima, miti na mapaa ya nyumba. Usishangae ukifika 70 au 80. Radius iache kwenye 1.0 au chini yake, kwani ikipanda, mstari ule hunenepa. Kazi hii yote ifanye ukiwa umeikuza picha kwa asilimia 100, maana picha iliyobanwa ienee kwenye skrini huficha madhara.

Ikiwa kamera yako inahifadhi JPEG (picha iliyokwisha kuchakatwa na kubanwa na kamera yenyewe), ujue kwamba imekwisha kuiongezea ukali picha hiyo kabla hujaifungua. Lightroom huanza na Amount 0 kwa faili za namna hiyo, na ukipandisha hadi 40 unarudia kazi iliyokwisha kufanyika.

Chunguza pia Clarity (hukoleza tofauti za giza na mwanga) na Dehaze (hupunguza ukungu), ambazo wengi huzisahau. Hizo huacha mng'ao mpana kuuzunguka mlima, na hakuna Masking itakayouondoa. Ni afadhali uteue anga kwa zana ya Select Sky, ugeuze uteuzi huo ili ubaki na ardhi, kisha uzitumie hapo tu.

Kutoka mjini Moshi hadi kileleni ni kilomita kama 30 za hewa yenye vumbi na unyevu. Utusitusi wa mbali hautokani na ukosefu wa ukali, na ukali hautauondoa. Subiri asubuhi inayofuata mvua, vumbi likiwa limetulia. Tena, kwa maoni yangu, kiasi fulani cha utusitusi huo kinastahili kuachwa, kwa kuwa ndicho kinachomwonyesha mtazamaji jinsi mlima ulivyo mbali na ulivyo mkubwa. Mlima uliokazwa sawasawa na migomba iliyo mbele yake huonekana umebandikwa.

SWALI: Mimi nahariri kwa simu, kwa programu ya Snapseed. Je, ushauri ni huohuo? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Ni huohuo, ila uongeze tahadhari, kwa sababu simu nyingi huongeza ukali zenyewe mara tu unapobonyeza. Katika sehemu ya Details kuwa mwangalifu zaidi na Structure (hukoleza mikunjo na maumbo madogo), ambayo huchafua anga upesi. Ukishamaliza, fungua View edits, chagua hatua hiyo, kisha tumia brashi kuipaka ardhini peke yake. Picha unayotuma kwa WhatsApp itume kama hati, kwani ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa, na anga lenye chembechembe likibanwa hugeuka mabaka.