Kwa wadogo zangu mnaoandika vichekesho vya vibarua wa mkonge

Juzi jioni nimewasikiliza wawili wenu barazani Ngamiani, hapa Tanga, mpaka kahawa ikanipoa mkononi. Hadithi mbili, na zote mbili kibarua anaanguka matopeni, watu wanacheka, basi. Nawapenda, lakini jamani! Kosa hilo nililifanya mimi kabla yenu.

1. Ijueni kazi. Mkata mkonge huingia shambani alfajiri ili jua lisimkute na mizigo mingi. Akijikuna, ajikune kwa sababu utomvu unawasha, si kwa sababu mmemfanya mchafu.

2. Msiuchekee mwili wa mtu. Hapa nitakaa kidogo.

Niliwahi kuandika juu ya mlisha korona, ile mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, aliyekatwa vidole viwili. Kichekesho changu kilikuwa kwamba tangu hapo kila akihesabu majani ya mzigo, hayatimii. Niliisoma barazani, watu wakacheka hadi kashata zikadondoka. Pembeni alikaa mzee mmoja, mkono wa kulia kautia mfukoni. Mkono ule niliujua tangu utotoni. Hadithi ilikuwa yake, nami sikumwomba ruhusa.

Vicheko vilipotulia akautoa, akapokea kikombe kwa vidole vitatu. "Mwanangu," akasema, "penye kuchekesha umeparuka. Nilibakiza siku moja tu kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, kijae. Saa nne asubuhi mashine ikala vidole. Mnyapara akaja, akatazama damu, akatazama majani yaliyobaki, akasema siku hii haihesabiki, kazi hukumaliza. Kidonda kilipopona nikarudi kuimaliza siku ile moja."

Hakuna aliyejua acheke au anyamaze. Mzee mwenyewe alicheka mpaka akakohoa.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa na shamba zima linalohesabu majani, linahesabu siku, na vidole halivihesabu, nami nikaokota vidole peke yake. Asubuhi nilikwenda kumwomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanituma dukani nikamnunulie tumbaku. Nilikwenda mbio kama mtoto. Aibu ile ninayo mpaka leo.

3. Wapeni watu majina. Tunaambiwa miche ya mkonge iliyofika hai pwani yetu mwaka 1893 ilikuwa 62. Idadi ya miche inajulikana, na waliochimba mashimo ya kuipanda hawatajwi. Baadaye wakaja manamba, watu walioandikwa kwa namba tangu makwao. Leo mmoja wenu anaandika "kibarua wa kwanza" na "kibarua wa pili". Nilitamani kumnyang'anya kalamu.

4. Someni kwa sauti mbele ya waliowahi kushika panga. Wakinyamaza, futeni.

Jumamosi nawasubiri pale pale, kahawa juu yangu. Yule mwenye hadithi ya matopeni aje na mwanzo mpya, na kabla hajafungua daftari nitamuuliza mzigo mmoja una majani mangapi.