Jibu: Maji ya ndoo yanazunguka kwa kulinganishwa na nini?

Muulizaji anataka kujua hivi: ikiwa mwendo wowote hupimwa kwa kulinganisha kitu na kingine, kwa nini maji ya ndoo inayozunguka hubonyea katikati, na yanazunguka kwa kulinganishwa na nini? Jaribio hili lilielezwa na Isaac Newton katika kitabu chake Principia mwaka 1687, na wengi wetu hulisimulia kwa kuanzia mwisho, maji yakiwa yamekwisha kubonyea. Nami nililifundisha hivyo kwa miaka, hadi nilipolifanya mwenyewe.

Nilining'iniza ndoo kwenye tawi la mwembe kwa kamba ya katani, nikatia maji nusu, nikaisokota kamba mpaka ikagoma, nikanyunyiza vumbi la mkaa juu ya maji, kisha nikaiachia. (Mara ya kwanza ndoo iliyumba, nikalowa miguu.) Sekunde za mwanzo ukuta wa ndoo ulipita mbio, ilhali chembe za mkaa zimetulia na uso wa maji uko bapa. Taratibu chembe zikaanza kufuata, maji yakapanda ukingoni. Nilipoikamata ndoo ghafla, maji yaliendelea kuzunguka, na bonde likabaki kwa muda.

Hoja yote imo humo. Mwanzoni, tofauti ya mwendo baina ya maji na ndoo inapokuwa kubwa kabisa, bonde halipo. Vinapokwenda sambamba, bonde lipo, na kwa ndoo yenye nusu kipenyo cha sentimita 14 inayozunguka mara moja kwa sekunde, kina chake hufika sentimita 4. Basi kipimo si ndoo. Newton alihitimisha kwamba kipimo ni nafasi yenyewe, isiyotegemea chochote kilichomo. Kwa maoni yangu aliruka hatua: jaribio limeiondoa ndoo, halijaziondoa nyota, kwani huenda maji yanazunguka kwa kulinganishwa na hizo na vitu vingine vyote vya mbali. Mwanafizikia Ernst Mach, aliyeshikilia kwamba mwendo ni wa kulinganisha vitu tu, alilishika hilo mwaka 1883, akauliza ni nani ajuaye mambo yangekuwaje lau kuta za ndoo zingekuwa nene na nzito kupita kiasi.

Swali hilo limepata jibu la nusu. Kwa nadharia ya uvutano ya Einstein, kitu kizito kinachozunguka huburuta kidogo nafasi inayokizunguka, na setilaiti ya Gravity Probe B, iliyorushwa mwaka 2004, iliupima mburuto huo karibu na Dunia. Hata hivyo, milinganyo hiyohiyo inaruhusu kitu kimoja kizunguke katika ulimwengu usio na kingine, jambo ambalo Mach asingelikubali.