Chupa yenye gololi shingoni

SWALI: Naishi London na nina kibali cha kutafuta vitu vya kale kando ya mto Thames maji yanapokupwa. Nimeokota chupa ya kijani mpauko, shingo imeminywa, na ndani ya shingo mna gololi iliyonasa kwenye tope. Nje ina weupe usiotoka. Ni chupa gani, na niisafishe vipi?

JIBU: Hiyo ni chupa ya soda ya mtindo wa Hiram Codd, Mwingereza aliyeupatia hataza mwanzoni mwa miaka ya 1870. Gesi ilisukuma gololi juu ikabana kwenye pete ya raba mdomoni, na ule mminyo uliizuia gololi isizibe njia wakati wa kumimina. Kibali chako kinakudai uripoti vitu vya zaidi ya miaka 300, hiki hakimo.

Rangi isikudanganye kuhusu umri. Soma maandishi yaliyochomoza ubavuni: jina la mtengeneza soda na mji wake. Litafute kwenye vitabu vya zamani vya orodha ya wafanyabiashara, maktaba kubwa wanavyo. Hapo ndipo utakapopata miaka yenyewe.

Sasa usafi. Vaa glavu, kwani maji ya mto hubeba mkojo wa panya na homa yake. Loweka chupa siku 3 kwenye beseni la plastiki, maji ya baridi na sabuni ya vyombo, ukibadilisha maji kila siku. Maji ya moto hapana: kioo hutanuka upande mmoja, kikapasuka. Gololi usiichokoe kwa waya, utamegua mdomo. Tope likilainika itaanguka yenyewe. Kisha tia mchele mkavu vijiko 2 na maji ya sabuni, utikise taratibu. Usitumie mchanga, utakwaruza kioo.

Ule weupe upime hivi: lowesha chupa. Ukiendelea kuonekana, ni chokaa. Loweka saa 24 kwenye siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, utaona vipovu. Siki usiichanganye kamwe na Jik, hutoa gesi ya sumu.

Lakini weupe ukipotea kwenye maji na kurudi chupa ikikauka, kioo chenyewe kimeliwa. Maji yametoa sodiamu yake kwa miaka mingi, na hakuna sabuni wala siki itakayoirudisha. Mafuta huuficha kwa muda tu. Kuondoa tabaka hilo ni kazi ya mashine ya kung'arisha, nayo hufifisha maandishi. Kwa chupa yenye jina linalosomeka vizuri, iache na ukungu wake.