Wadogo zangu, msiizibe mdomo IndexError

Wiki hii nimekaa na wageni watatu wa timu yetu, na wote wameitatua IndexError, kosa ambalo Python hutoa ukiita nafasi isiyokuwepo kwenye orodha, kwa namna ileile: toa 1 hapa, ongeza 1 pale, endesha tena mpaka programu inyamaze. Nawapenda, lakini kunyamaza si kupona.

1. Orodha ya vitu 5 ina indeksi, yaani namba za nafasi, 0 hadi 4. Mnalijua, mnalikariri, halafu kwenye orodha ya bei mnaita bei[5], kitu cha sita. Mkitumia bei[i + 1] ndani ya lupu (amri zinazojirudia, i ikiwa indeksi ya sasa), simamisheni lupu hatua moja kabla ya mwisho, maana kitu cha mwisho hakina jirani wa mbele. Na kama namba huihitaji kabisa, andika tu for jina in majina.

2. Anza kuusoma ujumbe wa kosa kutoka chini. Kisha chapisha indeksi na urefu wa orodha juu ya mstari ulioanguka.

3. Msilifiche kosa. Hapa nina kidonda.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa faili la alama za mtihani. Kila mstari ulikuwa na namba ya mwanafunzi, somo na alama, vikitenganishwa kwa koma. Programu yangu ilikata mstari penye koma na kuchukua sehemu[2], yaani sehemu ya tatu, alama. Ikaanguka. Nikafungua faili, nikaona mstari wa mwisho ni mtupu, nikaridhika kwamba mchawi ndiye huyo. Nikaweka try, nikaweka except, chini yake pass, yaani: jaribu, kosa likitokea usifanye kitu, endelea. Ikapita bila kelele nami nikaenda kulala.

Matokeo yalipotoka, wanafunzi 17 hawakuwamo. Mistari yao ilikuwa imejazwa na mtu mwingine, aliyetumia nukta mkato badala ya koma. Ukiikata penye koma inabaki sehemu moja tu, kwa hiyo sehemu[2] haikuwepo. Mara 17 Python ilitaka kuniambia, mara 17 pass yangu ikaizuia. Msichana mmoja alikuja akilia, akidhani amefutwa shule. Nilisimama mbele yake sina la kusema. Na dawa ilikuwa nyepesi mno: pima urefu kwanza, ukiwa chini ya 3 chapisha namba ya mstari na maneno yake, uyaone kwa macho yako. Mstari mtupu ulikuwepo kweli. Nilichokosa ni kuuliza kama uko peke yake.

4. Indeksi hasi. Ukilinganisha bei[i] na bei[i - 1] kuanzia 0, cha kwanza kitalinganishwa na cha mwisho, kwa sababu bei[-1] ni halali, ndicho kitu cha mwisho. Hakuna kosa litakalotokea, jibu tu litakuwa la uongo. Hii naiogopa kuliko IndexError yenyewe. Anzeni na 1.

5. Usifute vitu kwenye orodha huku unaipitia. Tengeneza orodha mpya. Jana mmoja wenu alibishana nami juu ya hili, nikachukua penseli. Tukachora visanduku vitano, tukafuta cha pili. Cha tatu kikasogea kushika nafasi yake, i nayo ikasonga mbele, kikarukwa. Halafu i ikafika 4 wakati vimebaki vinne, indeksi 0 hadi 3. "Kumbe!" akasema, akarudi mbio kwenye kompyuta yake. Karatasi bado zipo mezani kwangu, na penseli pia. Njooni kabla hamjaongeza hiyo 1.