Futa hilo "served time" kabla barua ya kaka yako haijatoka Mwanza

Ndugu uliyeandika kutoka Nyegezi, futa sentensi hiyo. Umeuliza tofauti ya "jail", "prison", "gaol" na "penitentiary", ukauliza pia kamusi ipi inafaa na wafasiri wa mjini hutoza kiasi gani kwa ukurasa, lakini macho yangu yamegota kwenye rasimu uliyoibandika mwishoni. Kaka yako alisota rumande Butimba, kesi ikaondolewa bila hukumu, nawe unataka kukiandikia chuo cha Marekani kwamba "he served time in prison", eti kwa sababu umeambiwa kuwa "jail" ni neno la mtaani. Maneno hayohayo niliwahi kuyaandika mimi, na aliyeyalipia alikuwa mtu mwingine.

Wakati huo nilikuwa nikitafsiri nyaraka kwenye steshenari moja maeneo ya Makoroboi. Akaja kijana wa Igombe, mtoto wa mvuvi, aliyekamatwa na wenzake katika mtumbwi uliobeba kokoro, ule wavu wa kukokota uliopigwa marufuku ziwani. Wadhamini aliokuwa nao hawakutimiza masharti, kwa hiyo alipelekwa Butimba kusubiri kesi, na kesi ikawa inaahirishwa kila inapotajwa kwa kuwa upelelezi haujakamilika, hadi siku upande wa mashtaka ulipoiondoa mahakamani naye akaachiwa. Hakuna hakimu aliyemtia hatiani. Baadaye alipata nafasi katika chuo kimoja cha Marekani, na chuo kikamtaka aeleze kwa maandishi ni kwa nini masomo yake yalikatika katikati. Aliandika kwa Kiswahili kisicho na doa: "Nilikaa mahabusu katika Gereza la Butimba mpaka kesi ilipoondolewa." Mimi nikaona "nilikaa", nikaona "gereza", nikatoa "I served time in Butimba Prison until the case was over". Kisha nikajisifu kimoyomoyo, maana sarufi ilikuwa imenyooka.

Sarufi ilinyooka, maana ikapinda. "To serve time" ni kutumikia kifungo, na anayetumikia kifungo ni yule aliyekwisha kuhukumiwa. Hapo tayari nilikuwa nimempa kijana hukumu ambayo mahakama haikumpa. Kisha neno "prison" likaongeza mzigo, kwa sababu Wamarekani wameweka mpaka ambao sisi hatuna: "jail" kwa kawaida huendeshwa na mji au kaunti, na humo hushikiliwa wanaosubiri kesi pamoja na wenye vifungo vifupi, mara nyingi visivyozidi mwaka 1, ilhali "prison" ni ya jimbo au ya serikali kuu ya shirikisho, na wanaopelekwa huko ni waliotiwa hatiani kwa makosa makubwa na kupewa vifungo virefu zaidi. Ndiyo maana Rikers Island ya New York, pamoja na ukubwa wake wote, huitwa "jail", wakati Sing Sing, iliyomo katika jimbo hilohilo, ni "prison". Karani wa chuo, ambaye Igombe hata kwenye ramani hajawahi kuiona, alisoma habari za mhalifu mkubwa aliyemaliza kifungo chake. Akafungua fomu, akakuta kijana huyohuyo amejaza kwamba hajawahi kutiwa hatiani. Kwa hiyo mbele yake hakuwa na mhalifu tu, alikuwa na mhalifu mwongo. Nafasi ikafutwa. Barua ya kusahihisha tuliituma, lakini ilifika udahili ukiwa umeshafungwa, na yule kijana hakuwahi kunilaumu hata kwa neno moja, jambo ambalo lingekuwa rahisi zaidi kulibeba kama angenitukana.

Aliyenijaza ujinga huo alikuwa mwalimu mmoja wa Kiingereza cha jioni, mtu wa tai iliyokazwa hata jua likiwa utosini, aliyetuambia darasa zima kwamba "jail" ni neno la walevi na kwamba msomi huandika "prison". Ndiye aliyetukaririsha kuwa kukaa jela ni "to serve time", kama jedwali la kuzidisha, bila kutuuliza jela gani wala kwa amri ya nani. Nilipomrudia na mkasa huu alinijibu kwamba hayo ni mambo ya Wamarekani, yeye alifundisha Kiingereza cha Uingereza. Hata huko alikuwa amekosea, kwa sababu Waingereza hutumia maneno yote mawili bila mpaka ule wa Marekani, na magazeti yao huandika "jailed" kwa mtu aliyehukumiwa miaka mingi. Kama kungekuwa na lokapu ya makosa ya lugha, yule bwana angenyimwa dhamana, na mimi ningewekwa chumba cha pili nikisubiri kutoa ushahidi.

Sasa shika hili na uliache lile la mwalimu: kabla hujagusa jina la jengo, uliza kama mtu alihukumiwa. Kwetu jengo halikwambii kitu. Butimba, kama magereza mengine mengi nchini, ina wafungwa na mahabusu ndani ya uzio mmoja, na bango la nje linasema gereza kwa wote. Uingereza nako ni hivyohivyo. Gereza la Wandsworth lililoko London huwapokea pia watu ambao kesi zao bado hazijasikilizwa. Anayebeba maana ni mtu na hadhi yake mbele ya sheria, na Kiswahili chetu kinalijua hilo vizuri kuliko wafasiri wake, kwani mfungwa na mahabusu hawachanganywi na yeyote aliyewahi kupeleka chakula kule. Zaidi ya hapo, "rumande" yenyewe ni "remand" iliyovaa kanga. Neno la Kiingereza ulilolihitaji ulikuwa nalo mdomoni siku zote.

Andika hivi: "He was held on remand at Butimba Prison while awaiting trial. The charges were withdrawn and he was released without being convicted." Kwa kuwa msomaji wako ni Mmarekani, unaweza kuweka "in pretrial detention" mahali pa "on remand", maana hilo wao hulizoea zaidi. Zile siku za mwanzo alizolala kituo cha polisi, kama zimo kwenye maelezo yake, ni "police custody", wala usiziunganishe na Butimba ili sentensi iwe fupi. Pia asidanganywe na furaha ya kutokuhukumiwa: kukamatwa, kushtakiwa na kutiwa hatiani ni ngazi tatu tofauti, na fomu ya maombi ya viza ya Marekani huuliza kama umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani. Hapo jibu lake ni ndiyo, likifuatwa na maelezo hayohayo.

"Gaol" ni "jail" kwa tahajia ya zamani ya Kiingereza, hutamkwa vilevile, na leo utaikuta zaidi kwenye majina ya majengo ya kale kama Kilmainham Gaol ya Dublin. "Penitentiary" ni jina la Amerika Kaskazini kwa "prison", gereza la waliohukumiwa, nalo limetoka kwenye wazo la kutubu. Eastern State ya Philadelphia, iliyofunguliwa 1829, ilijengwa ili mfungwa akae peke yake atafakari dhambi zake, na Alcatraz ilikuwa "penitentiary" ya shirikisho kuanzia 1934 hadi 1963. Kaka yako hahusiki na lolote kati ya hayo. Kinachomhusu ni "the": mwanakwaya anayekwenda Butimba kuimba Krismasi amekwenda "to the prison", lakini ukiiangusha hiyo "the" umemfunga na kwaya yake yote.

Kesho asubuhi mwende masjala ya mahakama iliyosikiliza kesi, muombe nakala iliyothibitishwa ya amri ya kuondoa mashtaka. Soma neno lililotumika humo, sentensi yako ilifuate hilo, kisha ambatisha nakala yenyewe kwenye barua. Ukishaandika upya, ibandike hapa kwanza nami niione. Usiitume usiku wa leo.