Kabla ya barua ya kuacha kazi, tazama rosta ya idara unayoitaka

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii liliuliza: mtu aliyechoshwa na idara yake, lakini hana ugomvi na taasisi na mshahara anauhitaji, afanyeje ahamie idara nyingine hapo hapo? Mfano mliotoa ni wa mfanyakazi wa mapokezi katika hoteli ya Kaskazini Unguja. Nami nitakwenda na mfano huo, na ofisi za serikali nitazigusa kidogo, maana huko njia ni nyingine.

Wengi hudhani anayeamua uhamisho ni mkuu wa idara wanayoitaka. Kwa kweli anayeamua ni yule wanayemwacha. Mkuu wa uhasibu anaweza kukutaka hata kesho, lakini mkuu wa mapokezi akiuliza "nani atasimama zamu ya usiku?" na pasiwe na jibu, barua yako italala. Kwa hiyo kazi ya mwombaji ni kuliziba pengo lake kabla hajaliacha. Watu humaliza nguvu zao kueleza walivyochoka, na uchovu wa mtu haumpi mkubwa jina la kuandika kwenye rosta.

Lakini tuanze nyuma kidogo, kwa sababu uhamisho hautibu kila uchovu. Chukua daftari dogo, andika kwa siku 14 mfululizo. Kila zamu ikiisha andika mambo manne: saa iliyokuchosha, kilichotokea, nani alihusika, na uzito wake kuanzia 1 mpaka 5. Usiandike siku ya pili yake, utakuwa umeshasahau nusu na nusu nyingine umeitia chumvi. Wiki mbili zikiisha, ligawe daftari mafungu manne: kazi yenyewe (kubishana na wageni, malalamiko ya vyumba), zamu, mtu fulani, na upungufu wa watu. Jumlisha uzito wa kila fungu.

Fungu zito likiwa ni zamu, pengine huhitaji kuhama. Mahoteli mengi hugawa siku mara tatu: saa 1 asubuhi mpaka saa 9 alasiri, saa 9 mpaka saa 5 usiku, na saa 5 usiku mpaka saa 1 asubuhi. Kinachovunja mwili zaidi ni kutoka kazini saa 5 usiku na kutakiwa kurudi saa 1 asubuhi. Hizo ni saa nane tu, na kama unakaa mjini na hoteli iko Nungwi, safari ya kilomita 60 hivi inakula sehemu yake kwenda na kurudi, tena usiku ule daladala za 116 hakuna, unategemea gari la wafanyakazi. Omba kwanza mpangilio huo uondolewe kwenye rosta, au upewe kitanda katika nyumba ya wafanyakazi usiku wa zamu hizo. Ni ombi dogo, na mkuu wa mapokezi anaweza kulikubali bila kumuuliza mtu.

Likiwa ni upungufu wa watu, fahamu kuwa upungufu huo huenda uko kila idara. Utahama na uchovu wako.

Likiwa ni mtu, hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Wanamkimbia meneja wa mapokezi kwenda rizavesheni, yaani kitengo kinachopokea maombi ya vyumba, wanafika wanakuta rizavesheni iko chini ya meneja huyo huyo. Katika hoteli nyingine iko chini ya mauzo. Mkaguzi wa usiku naye, anayefunga hesabu za siku na ambaye mahotelini wanamwita naiti odita, mahali pengine ni mtu wa uhasibu na mahali pengine ni wa mapokezi. Usiulize idara inaitwaje. Uliza nani anatia saini rosta yake na nani anapitisha likizo yake. Huyo ndiye mkubwa wako mpya.

Likiwa ni kazi yenyewe, basi uhamisho ndiyo dawa. Tazama ujuzi wako unaingia wapi bila kuanza upya. Mtu wa mapokezi tayari anajua bei za vyumba, mfumo wa kompyuta wa hoteli, bili za wageni, mashine ya kadi na fedha za kigeni. Ujuzi huo unaingia rizavesheni, mauzo, na hasa kwa karani wa mapato, yule anayekagua asubuhi hesabu za jana. Kazi ya ukaguzi wa usiku inavutia kwa sababu wageni ni wachache, lakini ni usiku mwaka mzima, kwa hiyo aliyechoshwa na zamu asiikimbilie.

Kazi ya karani wa mapato, kwa anayeitaka, ni hii. Analinganisha ripoti ya vyumba vilivyolaliwa na bei iliyoingizwa kwa kila chumba. Analinganisha jumla ya risiti za kadi na karatasi ya mashine ilipofungwa. Anahesabu bahasha za fedha taslimu, fedha ya kila nchi peke yake, kwa bei ya kubadilishia ya siku ile na si ya leo. Kisha anatafuta bili za mgahawa na baa ambazo hazikuingizwa kwenye chumba. Makosa mengi huzaliwa sehemu mbili: siku imefungwa kwenye mfumo kabla bili za baa hazijafika, au dola zimegeuzwa shilingi kwa bei ya juzi. Mtu wa mapokezi anayeweza kukaa na ripoti moja na kuonyesha makosa hayo yalipo hahitaji kujisifu kwenye barua. Asichokuwa nacho mara nyingi ni Excel: kujumlisha, kuchuja, na kulinganisha orodha mbili. Wiki tatu za saa moja kwa siku zinatosha kwa kiwango kinachotakiwa.

Omba kukaa pembeni ya idara hiyo uangalie kazi, tuseme saa mbili kwa siku, siku sita, nje ya zamu yako na kwa ruhusa ya wakuu wote wawili. Sharti moja lisivunjwe: usiguse mfumo kwa jina na neno la siri la mwenzako, hata akikwambia "ingia tu, mimi nakwenda kula". Tofauti ikitokea siku hiyo, ni yeye atakayeulizwa, kisha yeye atakutaja wewe, na uhamisho umekufa kabla haujazaliwa.

Wakati nao una maana. Aprili na Mei, mvua za masika, wageni ni wachache. Julai na Agosti hakuna meneja atakayemwachia mtu. Mazungumzo yafanyike Machi, barua iingie mwanzo wa Aprili, kufundishana kuwe Aprili na Mei, na kuhama kuwe tarehe 1 Juni. Uliza mapema kama hoteli itafunga au itawapa watu likizo miezi hiyo, maana zipo zinazofanya hivyo, na wa kukufundisha anaweza kuwa kwao Pemba amepumzika.

Nani aambiwe kwanza? Rai yangu ni hii, na najua wako watakaopinga: muulize mkuu wa idara unayoitaka swali moja tu, "nafasi ipo au itakuwepo?" Usiombe bado. Akisema ipo, nenda kwa mkubwa wako ndani ya siku mbili. Kisiwa hiki ni kidogo na kantini ya wafanyakazi ni ndogo zaidi; ukichelewa wiki, atazisikia habari zako kwa mpishi, na hapo atakasirika kwa kufichwa kuliko kwa kuachwa. Ukikaa naye, usimwambie kazi yake mbaya. Mwambie: "Bosi, nataka kwenda uhasibu mwezi wa sita. Zamu yangu nimeshafikiria nani anaweza kuishika, na niko tayari kumfundisha. Wewe unaonaje?" Kisha nyamaza, umwache aseme.

Hapo utakutana na muhali. Mkubwa wetu wa Kizanzibari mara nyingi hatakwambia hapana usoni. Atasema "tutaangalia", atasema "inshaallah", na mwombaji ataondoka na furaha, akae miezi minne. Neno hilo lisikukasirishe, bali mrahisishie kujibu: baada ya siku 14 mrudie na swali lenye milango mitatu. "Kizuizi ni nafasi kutokuwepo, ni mimi kutofaa bado, au ni mapokezi kukosa mtu?" Kuchagua mlango ni rahisi kuliko kutamka hapana, na kila mlango una kazi yake. Nafasi haipo, uliza lini bajeti ya watumishi inapangwa. Hufai bado, uliza nini kinakosekana na uandike. Mapokezi hawana mtu, rudi na jina.

Barua iwe ukurasa mmoja. Iende kwa meneja wa utumishi, kupitia kwa mkuu wako wa idara, na nakala kwa mkuu wa idara unayokwenda. Matini yake yasizidi haya:

"Naomba kuhamishiwa Idara ya Uhasibu, nafasi ya karani wa mapato, kuanzia tarehe 1 Juni. Nimefanya kazi mapokezi kwa miaka mitatu na hufunga hesabu za zamu yangu mwenyewe. Kwa idhini ya mkuu wa idara, niko tayari kumfundisha atakayechukua nafasi yangu kwa wiki tatu kabla ya kuondoka. Naomba tarehe yangu ya kuajiriwa, likizo na haki nyingine nilizokwishazipata zibaki kama zilivyo."

Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, ubaki nayo. Barua isiyo na muhuri ikipotea droo ya mtu, huna pa kuanzia.

Sentensi ya mwisho ya barua ile ndiyo yenye fedha ndani yake. Baadhi ya waajiri, kwa uzembe au kwa makusudi, humpa anayehama mkataba mpya wenye muda wa majaribio. Ukitia saini, miaka yako mitatu inaweza kusomeka kama haikuwepo siku ya kuhesabu kiinua mgongo. Omba badala yake nyongeza ya mkataba inayobadilisha cheo, idara na mshahara tu. Na kama unahamia "hoteli dada" ya mwenye mali yule yule, tazama jina la kampuni kwenye hati ya mshahara. Hoteli mbili za tajiri mmoja zinaweza kuwa kampuni mbili, na hapo si uhamisho tena bali ni kuacha kazi na kuajiriwa upya, mpaka iandikwe vingine.

Hesabu ya kipato ifanywe kwa mwaka, si kwa mwezi. Tuseme bakshishi ya mapokezi ni 150,000 kwa miezi sita ya msimu, 70,000 kwa miezi minne ya katikati, na 20,000 kwa miezi miwili ya masika. Jumla ni 1,220,000, yaani kama 102,000 kwa mwezi. Uhasibu wakikuongezea 60,000 na sanduku la bakshishi haliwafikii, umepungukiwa 42,000 kila mwezi kabla ya kuhesabu posho ya usiku uliyoiacha. Pengine usingizi una thamani zaidi ya hiyo, lakini ujue unanunua kwa bei gani. Hoteli nyingine hugawa bakshishi kwa idara zote, kwa hiyo uliza.

Upande wa serikali nitapita haraka. Kuhama kitengo ndani ya kada ile ile ni suala la mkurugenzi na afisa utumishi, na aliye Pemba atapitia kwa Afisa Mdhamini, anayeisimamia wizara kisiwani humo. Kubadili kada ni jambo zito: lazima uwe na sifa zilizoandikwa kwenye muundo wa utumishi, na nafasi iwemo kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na ikama hupangwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo ombi la Juni limeshachelewa. Na msichanganye sheria: mambo ya kazi si ya Muungano. Zanzibar ina Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 na Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 2 ya 2011. Anayemwonyesha meneja vifungu vya sheria ya Bara anajidhoofisha mwenyewe.

Yako pia mambo yasiyoombewa uhamisho. Kunyanyaswa, kushikwa-shikwa, kukatwa mshahara bila maelezo: hayo ni malalamiko, yaandikwe kama malalamiko na yafike utumishi, yakishindikana yaende Kamisheni ya Kazi. Ukiyavisha nguo za "naomba kuhama", aliyekukosea anabaki pale pale, na nafasi yako anapewa mwingine. Na kama usingizi umekutoka wiki kadhaa, au moyo unakwenda mbio hata siku ya mapumziko, anza hospitali. Cheti cha daktari kuhusu zamu za usiku hufanya kazi haraka kuliko barua yoyote.

Ukikubaliwa, makabidhiano yaandikwe: floti, yaani fedha za chenji, imehesabiwa mbele ya wawili, funguo, bili za wageni ambazo hazijalipwa, ahadi ulizowapa wageni wanaokuja. Majina yako ya kuingilia mfumo wa mapokezi yafungwe siku hiyo. Omba iandikwe pia kuwa kuanzia tarehe fulani hutapangwa mapokezi ila kwa maandishi na kwa siku zinazojulikana. Bila hivyo, Agosti mtu akiumwa utaitwa "kidogo tu", na mwisho wa mwezi unakuta unafanya kazi mbili kwa mshahara mmoja. Wito huo mara nyingi hauji kwa barua, huja kupitia kundi la WhatsApp la mapokezi saa 4 usiku. Toka humo siku ile ile ya makabidhiano, baada ya kuwaaga wenzako vizuri.

Msomaji wenu,
Unguja